Msimu Unapochelewa: Mkulima wa Tanzania ya Kati katika Miaka ya Ukame

Utangulizi

Kitabu cha kumbukumbu ya miaka 100 ya usharika huhesabu mambo yanayoonekana: makanisa yaliyojengwa, wachungaji na wainjilisti waliotumika, watoto waliobatizwa, kwaya zilizoimba na kengele iliyowaita watu ibadani. Hayo yote ni mema, na yamepewa nafasi yake katika sura nyingine za kitabu hiki. Sura hii inahesabu jambo ambalo hakuna mgeni rasmi aliyewahi kulizindua, nalo ni mvua.

Hapa kwetu, katika nchi kame inayoanzia Mpwapwa na Kongwa, ikapita Dodoma na Manyoni hadi Singida na Iramba, historia ya Kanisa haiwezi kutenganishwa na historia ya mvua. Mwaka wa mavuno mema, sadaka hujaa, harusi hufungwa, na paa la kanisa hupata bati jipya. Mwaka wa ukame, darasa la kipaimara hupungua, wanaume huenda kuhemea mbali, na mchungaji hupokea pale mlangoni watu wasiokuja kuomba sala peke yake. Martin Luther, alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliweka hali njema ya hewa, serikali njema na majirani waaminifu katika maelezo ya ombi moja, yaani ombi la riziki ya kila siku. Mpangilio huo unatufaa kama mwongozo wa sura hii. Katika karne moja iliyopita mara nyingi mvua imetunyima, lakini mara nyingi zaidi kilichoamua nani ale na nani alale njaa kilikuwa serikali na jirani.

Msimu na upepo wake

Neno letu "msimu" limetokana na Kiarabu, nalo ndilo lililozaa lile jina ambalo Wazungu huzitaja kwalo pepo za Bahari ya Hindi. Mabaharia wa pwani wanazijua pepo hizo kwa majina mawili: kaskazi, inayovuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na kusi, inayotawala katikati ya mwaka. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Mkulima wa bara hakuliona jahazi, lakini aliishi kwa kalenda ileile. Jua linapoelekea kusini, ukanda wa mvua hulifuata, na mvua za msimu huanza kwetu mwishoni mwa Novemba au mwezi Desemba, zikaisha Aprili. Baada ya hapo huja miezi saba hivi bila tone.

Pwani, na kaskazini mwa nchi hadi Kilimanjaro, watu wana vuli na masika. Zikikosekana za kwanza, hungoja za pili. Sisi tuna msimu mmoja tu. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na Singida huzidi kidogo. Kiasi hicho kingetosha kuivisha mtama kama kingekuja kwa mpango. Tatizo ni kwamba mvua hiyo huanguka kwa siku chache, kwa nguvu nyingi, kisha katikati ya msimu, mara nyingi mwezi Februari, hukatika kwa wiki mbili, tatu au zaidi. Mahindi yanayotoa mbelewele wakati huo hukauka yakiwa yamesimama. Hivyo mkulima anaweza kupata mvua ya kutosha kwa hesabu za mwaka na bado akavuna mabua.

Hekima ya wazee kabla ya ghala la serikali

Wamisionari wa Leipzig walipofika Iramba mwaka 1911, walikuta watu waliokuwa wamekwisha kujipanga dhidi ya ukame kwa vizazi vingi. Mpango huo haukuandikwa popote, lakini ulikuwa na nguzo zake.

Nguzo ya kwanza ilikuwa mbegu. Mtama na uwele ndivyo vilivyokuwa chakula. Mtama unapokosa maji husimamisha ukuaji wake na kungoja, na mvua ikirudi huendelea. Uwele hustahimili hata ardhi ya kichanga ambako mtama hushindwa. Nguzo ya pili ilikuwa ghala. Nafaka iliwekwa katika vihenge na katika vilindo vya magome ya miti ndani ya nyumba ya tembe, na kaya iliyojiheshimu haikumaliza mavuno ya mwaka jana kabla ya kuona mavuno ya mwaka huu. Nguzo ya tatu ilikuwa mifugo. Ng'ombe alikuwa akiba inayotembea: mwaka wa njaa alibadilishwa kwa nafaka katika nchi iliyopata mvua, na samadi yake ilirudishwa shambani, kazi ambayo Wanyaturu walisifika kwayo. Mwenye busara hakuweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa marafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa usimkute na mkono mtupu.

Nguzo ya nne ilikuwa watu. Kuhemea, yaani kwenda kutafuta chakula kwa watu wengine wakati wa upungufu, hakukuwa aibu kwa sababu kila upande ulijua kwamba zamu yake ingefika. Huko Ihanzu, kaya zilichangia nafaka kwa ajili ya matambiko ya mvua yaliyoongozwa na watawala wa Kirumi. Kanisa lilipinga matambiko hayo kwa sababu za imani, na halina haja ya kuyaonea haya mafundisho yake. Hata hivyo ni haki kukiri kwamba desturi hizo zilibeba fundisho jingine ambalo halikupaswa kutupwa: kwamba mvua ni jambo la watu wote pamoja, na kwamba ugomvi kati ya ndugu ni hatari kwa shamba.

Mtunya

Nguzo hizo nne zilivunjwa zote kwa pamoja katika Vita Kuu ya Kwanza. Wagogo waliiita njaa iliyofuata Mtunya, nayo ndiyo kipimo ambacho wazee walipimia njaa nyingine zote.

Jeshi la Wajerumani lilichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma, na muda mfupi baadaye Singida. Yalihitaji vitu vilevile, nayo yakavichukua kutoka kwa watu walewale. Wapagazi walipelekwa kusini kuifuata vita, na wengi hawakurudi. Ghala likabaki tupu, zizi likabaki tupu, na mikono ya kulima ikapungua. Ndipo mvua zilipoharibika, na mwaka 1918 homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima ikawakuta watu waliokwisha kudhoofika.

Wanahistoria wamekadiria kwamba katika njaa hiyo ya miaka ya 1917 hadi 1920 walikufa watu wapatao 30,000 kati ya wakazi 150,000 wa Ugogo, yaani mtu mmoja kati ya watano. Watu walikula mizizi, majani na ubuyu. Familia ziliwatoa watoto wao kwa wenye chakula ili angalau mtoto apone. Serikali mpya ilileta chakula kwa reli ya kati, lakini kilichelewa na hakikutosha.

Katika miaka hiyohiyo wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, na kufikia mwaka 1920 walikuwa wamekwenda. Sharika changa zilibaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika hadi Wamarekani wa Sinodi ya Augustana walipoanza kazi katika miaka ya 1920. Ndugu msomaji, tunaposema kwamba Kanisa lilisimama bila wamisionari, tukumbuke pia lilisimama katika mwaka gani. Mwalimu aliyefundisha Katekisimo mwaka 1919 aliwafundisha watu wenye njaa, naye mwenyewe alikuwa na njaa.

Fundisho la Mtunya ni zito. Ukame wa namna ile ulikuwa umetokea kabla, na ulitokea tena baadaye, bila kuua mtu mmoja kati ya watano. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii, kabla wingu halijakosekana, vita ilikuwa imekwisha kuchukua kila kitu ambacho mkulima alijiwekea kwa siku ya wingu kukosekana.

Wakati wa amri na wakati wa matrekta

Utawala wa Waingereza ulijifunza nusu ya fundisho hilo. Kila kaya iliamriwa kulima shamba la akiba ya njaa, hasa la muhogo au mtama, na wakaguzi walipita kuhesabu hatua. Muhogo uliokoa wengi, kwa kuwa unaweza kungoja ardhini. Lakini kazi iliyofanywa kwa kuogopa faini ilichukiwa, hata pale ilipokuwa na faida.

Wakati huohuo, katika kituo cha utafiti cha Mpwapwa, kilifanyika kipimo kimoja ambacho kingestahili kufundishwa katika kila darasa. Katika miaka ya 1930 watafiti walipima mvua iliyoanguka juu ya vipande vya ardhi vilivyotunzwa kwa namna mbalimbali, kisha wakakinga maji yaliyotiririka chini ya kila kipande. Ardhi tupu iliyoachwa bila mmea ilipoteza takriban nusu ya mvua yake. Shamba la nafaka lililolimwa kwa kawaida lilipoteza kama robo. Kipande chenye majani kilipoteza chini ya asilimia 2, na kichaka kisichochungwa kilipoteza chini ya asilimia 1. Kwa maneno mengine, majirani wawili wanaweza kunyeshewa na wingu lilelile, mmoja akapata mvua mara mbili ya mwenzake. Sehemu kubwa ya ukame wetu hutengenezwa juu ya ardhi, baada ya mvua kunyesha.

Kipimo hicho kilibaki katika majarida ya wataalamu. Kilichokuja shambani kilikuwa matrekta. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa, katikati ya Ugogo, ikachaguliwa kuwa mahali pa kwanza. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Waliopanga hawakuwa na kumbukumbu za kutosha za mvua ya Kongwa, na hawakuona sababu ya kuwauliza wenyeji. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, ukavunja majembe ya chuma, na karanga hazikuweza kung'olewa. Mvua ilipokosekana, hesabu zote ziliharibika. Mradi uliachwa mwaka 1951, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 35. Mwenyeji wa Kongwa aliyekuwa akilima mtama wake kwa jembe la mkono aliendelea kuulima.

Baada ya Uhuru

Taifa letu lilizaliwa mwaka 1961, katika mwaka wa ukame, na miongoni mwa majukumu ya kwanza ya serikali mpya lilikuwa kugawa chakula. Ukame uliofuata mwishoni mwa miaka ya 1960 ulitangulia Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971, ambayo iliwahamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati, maji, na chakula cha msaada kinachoweza kuwafikia watu mahali pamoja. Vijiji hivyo ndivyo vilivyotupa makanisa mengi ya mitaa tuliyo nayo leo. Lakini mkulima aliyehamishwa aliacha nyuma shamba lake la karibu na tembe, lililorutubishwa kwa samadi ya miaka mingi, akaanza upya kwenye ardhi asiyoijua. Watu wengi na mifugo mingi mahali pamoja waliimaliza miti na majani yaliyozunguka kijiji.

Mwaka 1972 TANU ilitoa tamko la "Siasa ni Kilimo" mjini Iringa. Miaka miwili baadaye ukame mkubwa uliifanya nchi itumie fedha nyingi za kigeni kununua nafaka, na wananchi wakaitwa katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Wazee wengi wa ukanda huu wanaukumbuka ugali wa manjano wa miaka ya 1970 na 1980, uliotokana na mahindi ya msaada kutoka Marekani, ambao watu waliuita "Yanga" kwa sababu ya rangi yake. Walicheka walipokuwa wakiuita hivyo, lakini waliula kwa shukrani.

Kwa upande wa kilimo chenyewe, tulijiharibia kidogo kidogo. Bei moja ya mahindi kwa nchi nzima ilimvuta mkulima wa nchi kame kulima zao la nchi yenye mvua. Shirika la Taifa la Usagishaji liliponunua mtama kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1970, walaji wa mijini hawakuutaka. Watoto walipokwenda shule, jambo jema kabisa, hapakuwa na mtu wa kuwinga kwelea kwelea, na ndege hao wanaweza kulimaliza shamba la mtama kwa siku chache. Kukoboa na kutwanga mtama kuliwachosha akina mama. Na zaidi ya hayo yote, ugali mweupe ukawa alama ya maendeleo. Ugali wa mtama ukaonekana kuwa chakula cha watu wa zamani, na haukuwekwa tena mezani kwa mgeni.

Katika jambo hili sisi Wakristo hatuna budi kusema ukweli. Ni mara ngapi tumemkaribisha mgeni wa dayosisi kwa wali na ugali wa mahindi yaliyonunuliwa, huku mtama uliovunwa na washarika wenyewe ukifichwa jikoni? Heshima ya chakula hujengwa mezani kabla ya kujengwa shambani, na sisi tulisaidia kuibomoa.

Watafiti wa kilimo hawakulala. Katika miaka ya 1990 zilitolewa mbegu mpya za mtama kama Pato na Macia, zinazokomaa mapema na kutoa unga mweupe, na za uwele zilizopewa majina ya Okoa na Shibe. Majina hayo mawili yanasema yenyewe yaliyokuwa moyoni mwa waliozitoa. Serikali nayo ilianzisha hifadhi ya taifa ya nafaka katika miaka ya 1970, na tangu mwaka 2008 kazi hiyo imekuwa chini ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Ni kihenge kilekile cha wazee, kilichokuzwa kufikia kimo cha taifa.

Kanisa na gunia la msaada

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuungana kwa makanisa saba, na Kanisa la Tanganyika ya Kati, mama wa Dayosisi yetu ya Kati, lilikuwa mojawapo. Mwaka uliofuata, 1964, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilianzisha shirika la kuwahudumia wakimbizi ambalo wengi tunalijua kwa kifupi chake, TCRS. Baadaye shirika hilo lilipanua kazi yake kwa wanavijiji wa Kitanzania katika maeneo makame, kama Kishapu mkoani Shinyanga, na mwaka 2006 likawa shirika la kitaifa.

Katika kila ukame, sharika na dayosisi zimekuwa njia ya msaada. Jambo hili linahitaji shukrani, na linahitaji pia kupimwa. Msaada wa chakula una kawaida ya kuchelewa: taarifa huandikwa Machi, tathmini hufanyika Juni, na gunia hufika Novemba au Desemba, wakati mkulima amekwisha kula mbegu yake na kuuza mbuzi wake wa mwisho kwa bei ya kutupa. Gunia hilo huokoa maisha, lakini halirudishi mbuzi. Tena, ugawaji huleta manung'uniko. Wazee wa kanisa waliowahi kushika orodha ya majina wanajua uchungu wa kuandika kaya moja na kuacha nyingine, na wanajua swali linaloulizwa kwa sauti ya chini: je, aliyeachwa aliachwa kwa sababu si mshirika? Pale sharika zilipogawa kwa Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi bila ubaguzi, zilihubiri vizuri. Pale zilipoteleza, jirani hakusahau upesi.

Kilichobaki baada ya lori kuondoka ni kile kilichofanywa wakati ambapo hapakuwa na njaa: kisima kilichochimbwa, mbegu iliyokopeshwa na kurudishwa, kikundi cha akina mama kilichoweka akiba, kijana aliyefundishwa kufuga. Sikukuu ya Mavuno inatukumbusha hilo kila mwaka. Katika sharika nyingi za ukanda wetu, baada ya ibada, debe la mtama, jogoo na mikungu ya karanga hunadiwa mbele ya kanisa, na mara nyingi mnunuzi humrudishia mjane kile alichokinunua. Huo ni mfuko wa bima wa kijiji, ingawa hatuuiti hivyo.

Maji yanayobaki shambani

Juhudi zilizofaulu katika nusu karne iliyopita zina tabia moja: zote zilianza kwa kuyazuia maji yasikimbie. Mwaka 1973 serikali, kwa msaada wa Uswidi, ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibiwa na makorongo, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Baada ya miaka michache majani na miti vilirudi, na makorongo yakaanza kupona. Lakini tusisahau kwamba wenye ng'ombe walilazimika kuhama au kuwapeleka wanyama wao mbali. Uponyaji wa ardhi ulilipwa na familia chache kwa faida ya wengi.

Mabwawa nayo yametufundisha. Ikowa na Hombolo, yaliyojengwa mwaka 1957, yalianza kujaa tope kwa kasi, na watafiti waliopima mwanzoni mwa miaka ya 1970 walionyesha kwamba tope hilo lilitoka katika mashamba na malisho yaliyo juu yake. Anayetaka maji ya bwawa yadumu hana budi kuanzia kilimani.

Kwa jirani zetu wa Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulichukua njia nyingine. Badala ya kuleta desturi mpya, ulifufua ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma waliyafungia tangu zamani ili yatumike kiangazi. Kutoka hekta mia chache, ngitili zilienea hadi kuzidi hekta 300,000. Watu waliifanya kazi hiyo kwa kasi kwa sababu waliijua na kuimiliki.

Katika kijiji cha Chololo, nje ya mji wa Dodoma, wakulima wanachimba mashimo madogo yenye kina cha takriban sentimita 30, wanatia samadi kidogo, na kupanda humo. Kila shimo hukinga maji ya kwanza na kuyashika hadi Februari ile ya kukatika mvua. Wengine hutengeneza matuta yaliyofungwa, au hufuata kilimo cha makinga maji. Katika miaka ya karibuni wakulima wengi wa Dodoma na Singida wamejifunza Kisiki Hai, yaani kuchagua machipukizi bora ya kisiki kilichobaki shambani na kuyapogoa hadi yawe mti, bila kununua mche wala kumwagilia. Chini ya ardhi inayoonekana tupu kuna mizizi iliyo hai.

Taarifa nazo zimekuwa sehemu ya msaada. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za msimu kabla hazijaanza. Utabiri huo hutaja uwezekano, hivyo si ahadi. Hata hivyo, mkulima anayeambiwa mapema kwamba mvua huenda zikawa chini ya wastani anaweza kuongeza uwele na kupunguza mahindi. Tangazo hilo likisomwa kanisani, pamoja na matangazo ya ndoa, linafika kwa watu ambao hawalipati kwa njia nyingine.

Hitimisho

Yusufu kule Misri hakuifanya mvua inyeshe. Alijenga maghala katika miaka saba ya shibe, na kwa kazi hiyo aliokoa hata ndugu waliomuuza. Habari hiyo imehubiriwa mara nyingi katika miaka ya njaa. Ingefaa zaidi ihubiriwe katika miaka ya mavuno, maana ndipo penye kitu cha kuweka ghalani.

Karne iliyopita imetuonyesha kwamba ukame ni sehemu ya nchi hii kama mibuyu ilivyo, na wataalamu wanatuonya kwamba joto linaongezeka na mvua zinazidi kutotabirika. Karne hiyohiyo imetuonyesha pia kwamba njaa kubwa ilikuja pale mkulima alipokuwa amenyang'anywa akiba yake, ardhi yake, mbegu yake au jirani yake. Aliyemrudishia hivyo vinne alimsaidia kweli. Aliyemletea gunia peke yake alimsaidia mpaka gunia lilipokwisha.

Basi usharika unapoanza karne ya pili, urithi wa wazee wetu uko mikononi mwetu kwa namna ambayo mtoto wa Shule ya Jumapili anaweza kuihesabu: mbegu ya mtama iliyotunzwa, kihenge kisichofunguliwa kabla ya wakati, miti iliyoachwa shambani, na orodha ya kaya ambayo haimwachi mtu kwa sababu ya dini yake. Tunawashukuru waliotutangulia, wale waliofundisha mwaka 1919 wakiwa na njaa, na akina mama waliotwanga mtama ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote. Mungu Mwenyezi aliyewatunza wao katika kiangazi chao, atupe sisi mvua kwa wakati wake, na atupe busara ya kuishika inapoanguka.